Taasisi zinazotegemea PCRE zishiriki kuitunza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie maktaba ya programu ambayo mifumo ya taasisi nyingi huitegemea kila siku, ingawa wakuu wake hawaifahamu. Maktaba hiyo huitwa PCRE, na kazi yake ni kutafuta ruwaza ndani ya maandishi: kuhakikisha kwamba kilichojazwa kwenye fomu kina umbo la anwani ya barua pepe, kwamba namba ya simu ina tarakimu zinazotakiwa, au kuutambua mstari mmoja wenye dalili za uvamizi kati ya mamilioni ya mistari ya kumbukumbu za seva.

Aliyeianzisha, mwaka 1997, ni Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye alikuwa akitengeneza Exim, programu ya kusafirisha barua pepe, akahitaji ruwaza zenye uwezo kama wa zile za Perl, lugha ya kuandikia programu. Kwa kuwa aliitoa kwa leseni huria, PHP, lugha inayotumika kutengenezea tovuti, iliichukua, na seva za wavuti za Apache na nginx vilevile, hata leo mkurugenzi ambaye hajawahi kulisikia jina lake anaweza kuwa anaitumia kila tovuti ya taasisi yake inapofunguliwa. Hazel alistaafu chuoni mwaka 2007 lakini akaendelea kuitunza kwa miaka mingi baada ya hapo, na kwangu mimi huo ni utumishi unaostahili heshima kubwa kuliko inayotolewa.

Kinachonisikitisha ni jinsi sisi watumiaji tunavyoipokea kazi hiyo kana kwamba inajitunza yenyewe. PCRE2, iliyoandikwa upya ichukue nafasi ya ile ya kwanza, ilitoka mwaka 2015, na toleo la mwisho la ile ya zamani, yaani 8.45, lilitoka mwaka 2021. Hata hivyo, bado kuna mifumo iliyofungwa kwenye msimbo wa zamani, ambao dosari zake mpya hazitarekebishwa tena na watunzaji wake. Kuhama kunahitaji kazi halisi, kwa sababu majina ya funksheni na namna ya kuziita vimebadilika, na kazi hiyo haifanyiki iwapo haijapangiwa muda wala mtu.

Lipo pia suala la ruwaza zenyewe, ambalo naliona zito zaidi. Kwa kawaida PCRE hujaribu njia moja ya kulinganisha maandishi na ruwaza, na inaposhindwa hurudi nyuma kujaribu nyingine. Utaratibu huo ndio unaoipa uwezo wake mkubwa, lakini ruwaza kama (a+)+$, inayotafuta makundi ya herufi a hadi mwisho wa maandishi, ikikutana na mfululizo mrefu wa herufi a unaoishia na b, huwa na njia nyingi mno za kujaribu, kiasi kwamba kila a inayoongezwa huifanya kazi ikaribie kuwa maradufu. Tarehe 2 Julai 2019 ruwaza moja ya namna hii ilimaliza nguvu za vichakato vya seva za Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti na kuziharakisha, na tovuti nyingi duniani zikakosa kufunguka kwa karibu nusu saa. Kampuni hiyo ilieleza chanzo hadharani, na imetusaidia sote kwa kufanya hivyo.

PCRE ina njia ya kuweka ukomo wa majaribio, nayo itumike daima pale maandishi yanapotoka kwa watu wasiojulikana. Penye hatari kubwa zaidi, ipo RE2, maktaba ya Google ya kazi hiyo hiyo, iliyotolewa mwaka 2010, ambayo hairudi nyuma kabisa na muda wake wa kazi hukua kwa uwiano na urefu wa maandishi, japokuwa hukosa baadhi ya uwezo wa PCRE.

Ombi langu kwa wakuu wa idara za teknolojia ni kwamba wawape wahandisi wao saa za kazi zinazotambulika rasmi za kuhamia PCRE2, kukagua ruwaza zinazopokea maandishi kutoka nje, na kuwapelekea watunzaji taarifa za dosari zikiwa na mfano mfupi unaoweza kurudiwa. Taarifa ya aina hiyo huwapunguzia watunzaji kazi nyingi ya kukisia, na mhandisi yeyote anayeitumia maktaba hii anaweza kuiandaa.

Wako,
Mtayarishaji programu