Baba, nimempata polisi wa kwenye zamu

Linköping, Uswidi

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni kwenu tu. Mama aliniambia kwenye simu kwamba goti limeanza tena, na kwamba unashinda barazani na redio. Ndipo nikaona nikuandikie barua ya karatasi uisome polepole, maana zile jumbe za sauti unasema zinakukimbia.

Nataka kukueleza habari za vitabu.

Unakumbuka zile riwaya za upelelezi nilizokuwa nikinunua kando ya barabara pale mjini Nakuru, karibu na stendi, nyingine hazina hata jalada? Ukinikuta nazo kitandani, wewe polisi wa kweli, ulikuwa unasoma ukurasa mmoja ukiwa umesimama, halafu unanirudishia na kusema, "Huyu hajawahi kushika zamu." Basi, unaondoka. Hata Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwayani ambaye mimi na Mama tulimpenda mno, hukumpa nafasi. Mohammed Said Abdulla alimleta kwetu katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, na mpaka leo sijaona Kiswahili kitamu cha upelelezi kama kile. Lakini sasa nakuelewa. Bwana Msa huwasha kiko, huwaza, hufumbua fumbo. Hana mkubwa wa kumgombeza, wala hana faili ishirini nyingine zinazomngoja mezani.

Nilipoanza darasa la lugha huku, mwalimu alituambia tusome kitu kitakachotufanya tutamani kufungua ukurasa unaofuata. Kwenye maktaba nikapewa kitabu cha Maj Sjöwall na Per Wahlöö. Hawa walikuwa mtu na mwenzi wake. Walikuwa wakisubiri watoto walale, ndipo wakae kuandika usiku, huyu sura moja na yule inayofuata. Kati ya 1965 na 1975 walitoa vitabu kumi, kila kimoja sura thelathini, vyote vya mpelelezi mmoja aitwaye Martin Beck na wenzake. Nilisoma kwanza kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswidi, kamusi pajani. Neno la kwanza la Kiswidi nililolishika bila kulikariri ni vittne, yaani shahidi.

Kitabu cha kwanza, Roseanna, kinaanzia Motala, mji ulio jirani na hapa. Mtambo wa kuchota matope unasafisha mfereji, na ndoo yake inapanda na maiti ya mwanamke. Hana nguo, hana kitambulisho, hakuna aliyeripoti kupotelewa. Na hapo, Baba, ndipo mambo yanaposimama. Miezi inapita hata jina lake halijajulikana. Polisi wa pale Motala, Ahlberg, anabisha mlango baada ya mlango. Barua zinatumwa, majibu hayaji. Beck ameletwa kutoka Stockholm kusaidia, ana mafua, tumbo linamsumbua, anarudi nyumbani kwa treni usiku na mke amenuna. Jina linapopatikana, kumbe alikuwa mkutubi kutoka Nebraska, Marekani, aliyekuja kutalii kwa meli.

Nilipofika pale Beck anapoingia nyumbani usiku nilifunga kitabu. Niliona sahani yako imefunikwa kwa sahani nyingine, ugali umeshakuwa mgumu, nawe unakula ukiwa bado na shati la kazi, sweta ya bluu imetundikwa kwenye kiti. Pembeni mwa kiganja chako, upande wa kidole kidogo, palikuwa na doa la wino lisilotoka hata kwa sabuni ya kipande. Sisi tulikuwa tunakuzunguka tukitaka habari za wezi na bunduki, nawe unajibu, "Leo nimeandika tu." Tulidhani unatuficha. Kumbe ulikuwa unatuambia kazi yenyewe: kitabu cha OB cha kuandikia matukio kituoni, saa, jina, taarifa ya shahidi, saini, mwingine aingie.

Sura niliyoipenda kuliko zote haina hata kofi. Melini walikuwamo watu zaidi ya themanini, na wote wameshatawanyika kurudi kwao. Polisi wanawaandikia mmoja mmoja wawaombe picha walizopiga safarini. Kisha wanakaa kwenye chumba chenye giza wakitazama filamu za watalii, nyuso na mawimbi, nyuso na mawimbi, mpaka yule mwanamke anatokea yu hai, anatembea. Nilisahau kushuka kituo changu cha basi. Muuaji sikutajii.

Jumamosi moja nilikwenda Borenshult kwenyewe, pale Motala maiti inapoopolewa kitabuni. Kuna malango matano ya maji yaliyopangwa kama ngazi, yanayopandisha meli mita kumi na tano hivi. Mfereji ulifunguliwa 1832. Boti iliingia, lango likafungwa, tukangoja maji yajae. Hakuna aliyeweza kuyaharakisha. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikiwa nimesimama ukingoni, kama ulivyokuwa ukisoma vyangu.

Hapo nilimkumbuka yule mama wa kule Bahati. Nilikuwa na miaka kumi, ukanichukua twende "kusalimia". Alitupa chai na mihogo. Hukumuuliza lolote. Tulipoaga alikushika mkono kwa mikono miwili akasema, "Asante kwa kuja, afande." Miaka mingi baadaye Mama ndiye aliyenieleza kwamba kijana wake aliuawa, kwamba kesi ilihamishwa kwa watu wengine na haikufika popote, na kwamba wewe uliendelea kwenda kila mwaka. Nilipokuwa nasoma habari za Ahlberg asiyekubali kuliacha faili lile, nilikuwa nasoma habari zako.

Mwaka uleule wa 1965 Faraji Katalambulla wa Tanzania naye alitoa Simu ya Kifo. Nimemwambia mdogo wangu akutafutie nakala, ili usiseme nakuletea Wazungu tu.

Roseanna ya Kiingereza nimempa mwenzangu wa kazini anayekuja Nakuru mwezi ujao. Nimeweka alama za penseli pale nilipotaka kukuuliza: kama kweli shahidi huachwa anyamaze muda mrefu vile, kama wewe pia ulikuwa ukisoma taarifa ileile mara kumi. Andika majibu pembeni kwa kalamu, usiogope kukichafua, kitabu ni chetu. Kurasa tupu za mwisho ni za habari za yule kijana wa Bahati, ukijisikia kuziandika.

Msalimie Mama, umwambie dawa ya goti imo ndani ya kifurushi hichohicho.

Ni mimi binti yako.