Matembezi ya mazingira yafuate bamvua, si kalenda ya ofisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumzie matembezi ya mazingira yanayoandaliwa kwa wanafunzi na wakazi wa Tanga. Nayaunga mkono, ila naona hupangwa kwa kalenda ya ukutani, ilhali pwani yetu inafuata mwezi.

Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni, huweza kuangukia maji mafu, yaani siku ambazo bahari hupwa kidogo tu, na hapo msafara hufika ufukweni ukakuta bahari haijatoka vya kutosha. Watu huketi chini ya maturubai, husikiliza hotuba, hupigwa picha wakiwa na miche mikononi, kisha hurudi mjini. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hayo hayo hupwa mbali na kuacha wazi nyasi bahari, vidimbwi vya miambani na mashimo ya pweza. Tena kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, saa inayowafaa watoto wa shule. Mama aliyezoea kuchokoa pweza atawaonyesha katika muda huo mambo ambayo mwalimu, kwa chaki na ubao, hana namna ya kuyaonyesha.

Upandaji wa mikoko nao unahitaji jicho la mwenyeji. Kwa kawaida, kati ya aina za mikoko, mlilana husimama mbele, upande wa bahari kuu, mkoko hufuata katika tope, na mkandaa hukaa nyuma zaidi kuelekea nchi kavu. Anayechomeka miche ya mkoko juu ya nyasi bahari, kwa kuwa hapo pana uwazi na picha hutoka vizuri, anaharibu makulia ya samaki wachanga, na miche yenyewe kwa kawaida haidumu. Afadhali siku hiyo watoto wasipande chochote, bali waonyeshwe jinsi mbegu ya mkoko inavyochipua ikiwa ingali juu ya mti wake, ndipo idondoke.

Watu wa kuongoza matembezi hayo tunao. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilitangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za kale, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu hakugunduliwa na meli ya utafiti. Walimtoa wavuvi katika nyavu zao za jarife, zenye matundu makubwa, walizozitega kwenye kina kirefu. Mtoto hatamwona silikanti kwa kutembea ufukweni, lakini anaweza kumsikia aliyewahi kumvua, na jambo hilo lina uzito kuliko bango. Mvuvi huyo huyo ndiye anayeweza kueleza, bila kuhubiri, baruti imelifanya nini tumbawe alilokuwa akivua ujanani.

Kuhusu milimani nitasema machache. Msitu wa Amani, wilayani Muheza, hutajwa zaidi kwa wageni na kwa bustani yake ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, lakini maji yanayotoka bombani Ngamiani, mjini Tanga, hutoka Mto Zigi, ambao hupokea vijito vya misitu hiyo kabla ya kufika bwawa la Mabayani. Safari moja kutoka bwawani hadi kwenye vijito ingewatosha wanafunzi wa mjini, na wazazi wao pia.

Ninaloomba ni kwamba wahusika katika halmashauri na shule wakae na vikundi vya wavuvi na akina mama wa pwani kabla mwaka wa masomo haujaanza, waziandike siku za bamvua, kisha ndipo wapange ratiba. Waongozaji hao watakuwa wameiacha kazi yao ya siku hiyo, hivyo soda na shukrani hazitoshi. Posho yao iingizwe katika bajeti mapema, pale pale zinapowekwa fedha za maturubai na fulana.

Mzazi,
Chumbageni, Tanga