Pakiti ya chai ya maua itueleze harufu ilikotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niwaombe watengenezaji wa chai nyeusi yenye harufu ya maua watuandikie wazi kwenye pakiti namna harufu hiyo ilivyoingia katika majani.

Jumamosi iliyopita mimi na dada yangu mkubwa tulikaa nyumbani kuonja chai ya waridi, ambayo ndani ya pakiti yake, katikati ya majani meusi yaliyosokotwa, mlikuwa na vipande vya petali nyekundu. Tulipima gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, tukasubiri dakika 6, kwa kuwa ndicho kipimo cha waonjaji kilichowekwa katika kanuni ya kimataifa ya ISO 3103. Kwa kunywa tu, dakika 3 hadi 5 zinatosha, lakini chai iliyokolea namna ile haifichi kitu. Dada yangu alipiga funda la kwanza, akanyamaza, kisha akasema, “Mdogo wangu, puani ni waridi, lakini mdomoni nimebaki na sabuni.” Nilimwomba abane pua na kuonja tena, waridi likatoweka lote, ukabaki uchungu wa majani, maana harufu hupanda puani kwa kupitia nyuma ya kinywa na ulimi peke yake hauijui.

Hapo ndipo tulipomwaga majani makavu kwenye sahani, tukachambua petali moja moja na kuziloweka katika kikombe kingine. Maji yalipata rangi hafifu na harufu ya nyasi zilizolowa, basi. Majani yaliyobaki, yakiwa hayana petali hata moja, yalinukia waridi vilevile.

Nilitaka kusema tumedanganywa, lakini nilijizuia, kwa sababu katika ufundi wa zamani wa China maua mabichi hulazwa pamoja na majani ya chai hadi majani yavute harufu, kisha maua yaliyochoka huondolewa na pengine kuwekwa mengine mapya, hivyo petali isiyonukia haithibitishi udanganyifu wowote. Isitoshe, jani la chai lenyewe, linaponyaushwa, kusokotwa na kuachwa lipigwe na hewa, hutoa jeranioli, ambayo ni sehemu kubwa ya harufu ya waridi. Chai nyeusi nzuri inaweza kunukia ua bila kuguswa na ua.

Mnywaji aliye nyumbani, hata akiwa mwangalifu kiasi gani, hawezi kutenganisha njia hizo kwa pua yake na manukato yaliyonyunyizwa kiwandani. Anayejua ni mtengenezaji peke yake. Pakiti yetu iliandikwa “chai nyeusi, petali, ladha”, na neno hilo la mwisho halikufafanuliwa popote. Sisemi kwamba ladha ya kuongezwa ina madhara, na wako wanaoipenda. Ninachoomba ni mstari mmoja, wenye herufi zinazosomeka, unaosema kama majani yamelazwa na maua mabichi au yamenyunyiziwa manukato, na kama petali zimewekwa kwa ajili ya macho tu.

Wako mwaminifu,
Mpenzi wa chai