Risala ya waongoza watalii na wachuuzi wa Nakuru kwa mgeni wa heshima, Siku ya Utalii Duniani

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, maafisa wa serikali kuu na wa kaunti mlio nasi, mwenyekiti wetu, wazee wa mtaa, akina mama wa shanga na vikapu, vijana wa bodaboda na wageni wote waalikwa, hamjambo?

Kwa niaba ya wenzangu nakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kufika hapa leo, tarehe 27 Septemba. Wageni tuliowazoea hupita mbio kuelekea lango la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, wakatupungia mkono nyuma ya vioo vya magari. Wewe umeshuka, umeketi chini ya turubai letu, na chai yetu umeinywa. Karibu Nakuru.

Kikundi hiki ni cha waongoza watalii, madereva wa magari ya safari, wachonga vinyago, washona shanga, na akina mama wanaowapikia madereva chakula cha mchana. Wengi wetu tulizaliwa katika mitaa inayopakana na ua wa hifadhi: Mwariki, Kwa Rhoda, Barut. Ziwa Nakuru lilikuwa jirani yetu kabla halijawa kazi yetu, na harufu yake ya magadi tuliijua kabla ya kuijua herufi ya kwanza ya alfabeti.

Mheshimiwa, kazi yetu imebadilika. Zamani ulimpandisha mtalii hadi Baboon Cliff, genge linalotazama ziwa, akaona ukingo mzima wa ziwa umekuwa wa waridi, na mwongozaji hakuwa na haja ya kusema neno. Siku hizi swali la kwanza analouliza ni, “Flamingo wako wapi?” Jibu tumelijua kwa moyo. Tunamweleza kwamba heroe hawa hula mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji yenye magadi mengi. Ziwa lilianza kupanda mnamo mwaka 2010 hivi, likapanuka hadi kukaribia mara mbili ya ukubwa wake wa awali. Magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na ndege wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Lango kuu la zamani lilimezwa na maji pamoja na ofisi zake. Majirani zetu walipoteza nyumba na mashamba. Ripoti ya wataalamu wa serikali ya mwaka 2021 ilisema chanzo kikubwa ni mvua iliyozidi kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, na kwamba matumizi mabaya ya ardhi huko juu yamechangia. Hatukukuita hapa ili tukudai fidia ya mvua.

Tulichokuitia ni swali ambalo tumekuwa tukibishana nalo penye kijiwe chetu: serikali inaposema inasimamia utalii endelevu, tuipime kwa kipimo gani?

Kipimo tunachokisikia redioni kila mwaka ni hesabu ya vichwa. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kigeni takriban milioni 2.4, na tulishangilia kama wengine, kwa maana mgeni ndiye unga wetu. Lakini wahenga hawakuishia kwenye “mgeni njoo”. Waliongeza, “mwenyeji apone.” Daftari la nusu ya kwanza ya methali hiyo linajazwa kila siku, langoni na kwenye viwanja vya ndege. Daftari la nusu ya pili hatujawahi kuliona. Na si sisi tu tunaolitaka. Machi 2024 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilipitisha mfumo wa kupima uendelevu wa utalii, unaozitaka nchi zihesabu pamoja na fedha maji yaliyotumika, taka zilizotupwa na ajira zilizopatikana.

Tukianza kuhesabu hapa kwetu, tunakwama mahali pamoja. Mheshimiwa, tumeisoma Jedwali ya Nne ya Katiba ya 2010. Mwenyekiti wetu ana nakala iliyochakaa ambayo huibeba hata akienda harusini. Ulinzi wa wanyamapori na sera ya utalii ni kazi ya serikali kuu. Uzoaji wa taka, majaa, maji taka na mitaro ya maji ya mvua mijini ni kazi ya kaunti. Maana yake, kwa lugha ya kijiweni, ndege ni wa Nairobi na uchafu ni wa Nakuru. Ziwa lenyewe halijui mpaka huo. Liko kwenye bonde, mji uko juu yake, na kila kinachomwagika mjini huteremka. Jaa la Gioto, la taka za mji, liko kwenye mteremko wa mlima Menengai. Mvua ikinyesha kwa nguvu, takataka zake huanza safari kuelekea chini bila kuombwa tikiti. Mto Njoro nao unaanzia msitu wa Mau, na mti ukikatwa kule, udongo unatua hapa.

Msimu wa mvua uliopita tulizibua mtaro mmoja unaoelekea ziwani, siku mbili kwa mikono na majembe. Tulitoa chupa, nepi, magodoro, na mlango mzima wa jokofu. Kisha tukaandika barua. Ofisi ya kwanza ilituambia mtaro uko nje ya ua, kwa hiyo haihusiki. Ofisi ya pili ikatuambia maji yakishavuka ua si yake tena. Barua ilirudi nasi nyumbani, na mtaro umejaa tena.

Hilo ndilo tunaloliona kuwa kiini cha kasoro, Mheshimiwa. Sheria tunazo, sheria ya utalii ni ya 2011, ya wanyamapori ni ya 2013. Heshima tunazo pia: ziwa hili lilitambuliwa na Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, mwaka 1990, la kwanza nchini, na tangu 2011 liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Anayekosekana ni mtu mmoja wa kuulizwa maji yakibadilika rangi.

Hatusemi kila kitu kimeharibika. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi, na tofauti tunaiona kwa macho; ndani ya ua hatuokoti tena tulichokuwa tukiokota. (Ingawa mgeni akikatazwa kuingia na chupa, huiacha nje, na nje ndiko tunakouza sisi.) Faru wamelindwa vizuri, na hilo tunalisema kwa fahari mbele ya mgeni yeyote.

Kuhusu fedha tutasema wazi. Kiingilio cha hifadhi ya taifa hulipwa kwa mfumo wa serikali kuu na huenda huko. Bogoria, kwa sababu ni hifadhi iliyo chini ya Kaunti ya Baringo, mapato yake hubaki na kaunti. Wapo wenzetu wanaodhani tukikabidhiwa ziwa na kaunti yetu basi mambo yatanyooka. Mimi niliyeandika risala hii sina hakika hiyo. Maasai Mara iko chini ya kaunti, na bado magari hujazana kando ya mto msimu wa nyumbu kuvuka hadi mnyama akakosa pa kupita. Jina la mwenye lango halitoshi. Kinachotuvutia zaidi ni Rwanda, ambako sehemu ya mapato ya hifadhi hupewa jamii zinazoishi jirani nazo: asilimia 5 kuanzia 2005, ikapandishwa hadi 10 mwaka 2017. Mwanakijiji kule akijengewa darasa, anajua limetoka kwa sokwe gani. Mama wa Barut aliyepoteza shamba lake hana cha kumwonyesha mtoto wake akamwambia, hiki tumepewa na flamingo.

Kwa hiyo tunaomba uyafikishe haya unakoweza kuyafikisha. Serikali mbili zikae meza moja kuhusu ziwa hili, na meza hiyo iwe na kiti chetu, tena kiti cha kusema, maana cha kusikiliza tumekikalia sana. Hali ya maji ya ziwa na ya mito inayoliingia itangazwe kwa Kiswahili kila msimu, kama inavyotangazwa idadi ya watalii. Sehemu ya kiingilio irudi mitaa ya jirani kwa kiwango kilichoandikwa, tuache kuingoja kama sadaka. Na leseni ya mwongozaji ipunguziwe safari za kwenda na kurudi. Kijana anayepoteza siku nne kufuatilia karatasi hupoteza wageni wa siku nne.

Sisi kwa upande wetu tutaendelea na mtaro ule, na tumeanza kuandika kwenye daftari siku maji yanapokuja na povu, siku yanapokuja na mafuta, na siku tunapowaona heroe wakirudi. Nakala ya daftari hilo tutakukabidhi baada ya risala hii. Kuna kurasa tano ambazo flamingo wametajwa, na mwandiko wa hizo utaona umenyooka kuliko wa nyingine.

Mheshimiwa, ratiba inasema sasa ni chakula. Tunakuomba ukubali kuisogeza kwa nusu saa. Gari liko tayari pale chini ya mgunga, na mtaro hauko mbali. Tumekuandalia viatu vya mpira. Tulikisia nambari tisa, na kama havikutoshi katibu atakuazima vyake.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanachama wa kikundi, Nakuru.