Salamu za shukrani: mama yetu amerudi nyumbani Muheza

Familia yetu ya Muheza, Tanga, inawashukuru kwa dhati wote mliokuwa nasi tangu mama yetu mpendwa alipolazwa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, akafunguliwa kifua na kubadilishiwa valvu ya moyo. Kumtaja kila mmoja ni vigumu. Madaktari, na hasa wauguzi wa chumba cha uangalizi maalumu, Mungu awalipe. Vijana wetu wa Temeke mliotoka kazini mkaenda kuchangia damu, akina mama wa vikoba mliovunja kibubu kabla hata hatujaomba, wanajumuiya kwa sala na majirani wa msikitini kwa dua, ahsanteni sana.

Shukrani ya pekee iwaendee wanaohangaika nasi kwenye kliniki. Siku ya upasuaji korido ilijaa ndugu; siku za kliniki watu huwa wachache, na kliniki ndiyo isiyokwisha. Kwa valvu ya bandia ya aina aliyowekewa, atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote, na damu lazima ipimwe mara kwa mara: ikiganda upesi valvu inaweza kuziba, ikiwa nyepesi mno anaweza kuvuja damu. Shemeji yetu wa Mbagala, unampokea stendi ya Magufuli, unamlaza kwako, alfajiri unawahi naye foleni. Hatuna cha kukulipa.

Mnaokuja kumjulia hali, karibuni sana. Mfupa wa kifua bado unaunga, hivyo msimkumbatie kwa nguvu wala msimpakatishe mtoto, hata akimwomba mwenyewe (na ataomba). Mchicha na kisamvu hajakatazwa. Ameambiwa ale kwa kiasi kilekile, siyo leo sufuria zima kisha wiki nzima asiguse, maana mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa. Mizizi na vidonge vya maumivu mlivyomletea tumevipokea kwa heshima, ila hatumpi chochote kabla ya kumuuliza daktari. Na mkisikia mlio kifuani mwake kama wa saa, msishtuke, ni valvu inafanya kazi. Wajukuu wanagombania zamu ya kuusikiliza.

Chakula cha shukrani kitakuwepo. Siku tutaitangaza baada ya kliniki ijayo, kwa kuwa mama anang'ang'ania kupika pilau mwenyewe na sisi watoto hatujakubali.