Barua ya wazi kwa wanangu mnaohamia mji mdogo

Wanangu mnaofungasha virago,

Nawasalimu. Naandika nikiwa nimeudhika, mnivumilie. Wiki iliyopita lori la kuhamisha vyombo lilisimama tena nje kwa jirani yangu. Miezi kumi na minne nyuma lilisimama hapo hapo likishusha. Safari hii lilikuwa linapakia. Hiyo ni familia ya tatu kuondoka mtaani kwetu, na zote zilikuja na wimbo mmoja: tumechoka na foleni, tumechoka na kelele, tunataka maisha ya polepole.

Huyu wa mwisho ndiye aliyeniuma. Kijana mwenye adabu, mke mwema, mtoto mmoja. Kabla hajajua jina la mtu hata mmoja, alijenga ukuta, tofali juu ya tofali, na geti la chuma. Njia ya mkato waliyopita watoto kwenda shule ikafia hapo. Sikusema kitu. Kiwanja chake, haki yake. Asubuhi akitoka, simu iko sikioni, ananipungia mkono bila kunitazama. Siku moja nilimkuta kwa fundi viatu, amesimama anagonga saa yake kwa kidole. Fundi naye, kwa ukaidi tu, akazidi kupunguza mwendo: akavuta uzi, akaukagua, akaupaka nta, akaukagua tena. Nilicheka moyoni, kisha nikamhurumia. Haraka yake yote alikuja nayo, imefungwa vizuri pamoja na vyombo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipopewa jembe alitafuta kibarua wa kumlimia.

Usiku mmoja mtoto wake alibanwa na pumu, na gari likagoma kuwaka. Alikuja kugonga kwangu kwa sababu ndiko alikoona taa. Tulikimbia hospitali, mtoto akapata nafuu. Kesho yake alikuja kushukuru, akaniuliza, "Samahani mzee, hivi unaitwa nani?" Tulikuwa tumepakana karibu mwaka.

Wanangu, utulivu mnaoufuata huku umejengwa na kujuana, na kujuana kuna kero zake. Watajua ulizima taa saa ngapi, mgeni wako ni nani, na kwa nini hukuonekana msibani. Asiyeweza kuulizwa habari zake abaki jijini, ambako mtu anaweza kufia ndani na jirani asishtuke mpaka wiki iishe.

Inasimuliwa kwamba Diocletian, mtawala wa Roma aliyejiuzulu mwaka 305 na kwenda kuishi pwani, mahali ambapo leo ni mji wa Split huko Kroatia, alipoombwa arudi madarakani aliwaambia waje kwanza waone kabichi alizopanda kwa mikono yake. Kuta alikuwa nazo, tena za ngome, nakiri. Lakini mikono aliitia udongoni.

Mengine nayataja tu. Pangeni kwanza, msinunue, mpaka mwaka mzima upite na msimu mbaya mmeuona. Umbali wa hospitali yenye daktari wa upasuaji upimeni kwa dakika, kilomita zinadanganya. Kama mnaishi kwa kazi ya intaneti, ijaribuni siku ya mvua kubwa. Msigombane na mwajiri mnapoaga. Na mwulize mwenzi wako kama naye anataka kuhama, au anakufuata tu.

Wala lawama zote si zenu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2007 ndipo wakazi wa mijini walipoanza kuwazidi wa vijijini duniani. Nani awalaumu, ikiwa hospitali kubwa, vyuo na ofisi zote zimerundikwa sehemu moja, halafu wakubwa wanashangaa foleni? Ilipoingia korona mwaka 2020 wengi wakaruhusiwa kufanyia kazi nyumbani, mishahara ya jiji ikaanza kutua kwenye miji midogo, na wenye nyumba, kwa tamaa yao, wakapandisha kodi. Watoto tuliowazaa hapa wakashindwa kupanga walikozaliwa. Hilo nalo mlifikirie mnapolipa bila kubishana bei kwa kuwa "huku ni rahisi".

Italia kuna umoja wa miji midogo, Cittaslow, yaani mji wa polepole, ulioanzishwa mwaka 1999 kwa miji isiyofika wakazi 50,000. Nembo yao ni konokono. Nampenda konokono wao, ila nikikumbuka kwamba naye hutembea na nyumba yake mgongoni, nawawaza ninyi na jiji lenu.

Yule kijana, asubuhi ya kuondoka, aliniletea ufunguo wa geti nimtunzie, maana hakuwa na mwingine wa kumwachia. Unaning'inia msumarini, nyuma ya mlango wangu. Mwanangu, kama unasoma barua hii, njoo uuchukue mwenyewe. Usimtume mtu. Na ukija, ukae kidogo.

Mimi mzee wenu,
jirani wa upande wa pili wa ukuta