Asiyefika saiti asipige mhuri

Ndugu Mhariri,

Ni msomaji wako wa miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Lakini ile taarifa yenu ya wahandisi kukumbushwa maadili ya kazi, pamoja na picha ya mgeni rasmi akigawa vyeti, imenishinda kuinyamazia. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema maadili yameporomoka. Hakuna aliyesema yanaporomokea wapi. Nimekuwa fundi sanifu wa maabara ya vifaa vya ujenzi mpaka nilipostaafu, na nitasema: yanaporomokea mezani, pale mtu anapopiga mhuri karatasi ya kazi ambayo hajaiona.

Wasiojua kazi yetu nawaeleza kidogo. Zege linapomwagwa, sampuli hujazwa kwenye visanduku vya chuma vya milimita 150 kila upande. Zikishashika huvuliwa na kuzamishwa majini, nyingine huvunjwa kwa mashine siku ya 7, nyingine siku ya 28. Hizo ndizo kyubu. Namba ya mashine ndiyo inayosema kama nguzo itabeba mzigo iliyochorewa.

Siku moja alikuja mhandisi kijana wa jengo moja la ghorofa hapa mjini. Kyubu zake za siku 7 zilikuwa zimetoa nyutoni 11 kwa milimita ya mraba, wakati zege lake lilitakiwa kufika 25 siku ya 28. Kwa kawaida siku ya 7 ungetegemea 16 au zaidi. Kyubu zake za siku 28 zilikuwa bado zimelala kwenye tangi letu. Yeye akashusha nyingine kutoka kwenye gari, safi, kingo kali, na tarehe ya siku ile ya kumwaga imeandikwa kwa rangi nyekundu. Nilipoishika moja, rangi ilibaki kwenye kidole gumba changu. Akaniomba nivunje hizo na kuandika majibu kwa jina la zile za tangini. Nilipokataa alipiga simu, akanipa niongee na bosi wake, mtu mzima, mhandisi aliyesajiliwa, ambaye jina lake ndilo lililokuwa kwenye bango la mradi. Akaniambia, "Mzee, hiyo ni karatasi tu, usitukwamishe, Jumamosi tunamwaga slabu ya juu." Karatasi tu! Hakuuliza zege lina nini. Hakuuliza kama fundi alizidisha maji au alipunguza saruji. Nilizivunja zile za tangini siku yake ilipofika, nikaandika ilichosema mashine, na majibu hayakufika hata 20. Saiti ile haikuleta tena sampuli kwetu. Niliandika barua kwa waliopaswa kujua, sikujibiwa. Jengo liliendelea kupanda, na leo chini kuna maduka na juu wanalala watoto wa watu.

Mhariri, tumesahau mara ngapi? Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, waokoaji wakawa wanazungumza na watu walionasa chini ya kifusi. Kamati ikaundwa, kama kawaida. Na kila mwaka kwenye Siku ya Wahandisi wanakula kiapo mbele ya viongozi.

Kuna na hili la wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mhandisi anajua hatakuwepo, basi anamwacha kijana wa mwaka wa pili asimamie nondo na kusaini kitabu cha saiti cha kila siku. Hapewi nauli, halipwi chakula cha mchana, na hakuna wa kumwonyesha kosa. Anachojifunza ni kwamba sahihi ni ya kuazimana. Vyuo vinavyopokea vitabu vya mafunzo vya vijana hao vyenye mihuri ya watu wasiowahi kuwaona vinajua hivyo na vinawapa maksi. Hilo linaniuma kuliko hata yule bosi wa simu, maana kijana huyo ndiye atakayejenga hospitali.

Naomba Bodi ya Usajili wa Wahandisi iweke sharti moja. Kila slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, inapomwagwa, mhandisi mwenye mhuri aandike kwa msumari, kwa mkono wake, jina lake, namba yake ya usajili na tarehe kwenye zege bichi pembeni mwa ngazi, mahali ambapo plasta haitapita. Zege halilali, kwa hiyo itambidi awepo. Kyubu zilizovunjwa zibaki saiti, zimepangwa kwa ghorofa, mpaka jengo likabidhiwe. Waanze na majengo yanayojengwa Kariakoo sasa hivi, nawe utume mpiga picha akasome hayo majina.

Fundi sanifu mstaafu,
Dar es Salaam